Funga, Fungua, na Lori la Bibi Arusi

Aibu nyingine mtu anaweza kuifukia, akasawazisha udongo juu yake, akapanda maharage. Hii yangu haifukiki. Ilionwa na kilima kizima cha Nyamitanga, pale Mbarara, na vijana wote wa bodaboda waliokuwa wanangoja abiria pale, na mama mmoja aliyekuwa anachoma ndizi za gonja ambaye aliacha jiko lake likiwaka akatufuata, kwa hiyo ni afadhali niisimulie mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kwa dada yangu Riziki, maana yeye huongeza chumvi (ingawa nikisema kweli, mchuzi huu hauna tena nafasi ya chumvi).

Miaka ile, miaka ya simu ndogo zenye tochi, nilikuwa tanboi wa lori, yaani utingo. Kwetu palikuwa Nakivale, kambi ya wakimbizi kule Uganda, yaani mama yangu na Riziki walikuwa na nyumba yao ya udongo pale na shamba la mahindi, na mimi nilikuwa na kitanda changu, lakini kitanda hicho kilinijua kwa mbali sana. Tangu tulipotoka Kivu ya Kusini miguu yangu ilikuwa imekataa kutulia. Nimekaa Kigoma, nimekaa Kasese, nimepakia viazi Kisoro, na kila nilipofika mahali nilianza kukumbuka nilikotoka na kutamani niendako, ndiyo maana lori lilinifaa kuliko nyumba yoyote. Nyumba ikikaa mahali pamoja mimi naisikia kama inaninyooshea kidole.

Lori lenyewe lilikuwa linaendeshwa na Afande. Hilo si jina lake, ni heshima yake: alikuwa Munyankore, mwenyeji wa pale, mwenye tumbo la kiasi, aliyewahi kuwa askari zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha jeshini, kilichonyooka kama kwata, hakina ngeli lakini hakina uongo. Tulibeba matoke kutoka Isingiro na maharage kutoka Nakivale, na usingizi ukinishika nililala humo humo. Nilikuwa nimejitengenezea chumba nyuma ya kabini: kizuizi cha mbao, godoro, balbu moja, redio. Chini ya godoro niliweka betri kuukuu, na kutoka kwenye betri ya lori nikavuta nyaya mbili, ili tukitembea injini iijaze betri yangu, na tukisimama nazitenganisha nyaya kwa vidole vyangu, nalala na redio yangu kama waziri, na betri ya lori haiguswi. Ilifanya kazi vizuri kabisa. Na hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia, maana mtu akifanikiwa na balbu moja huanza kujiona anaweza kuwasha mji.

Sasa, Riziki akapata mchumba. Jina lake Daudi, fundi cherehani wa Ruti, pale Mbarara, njia ya Kabale. Alikuwa mtu wa kwetu, wa Kivu hiyo hiyo, ila familia yake ilikuwa imekaa mjini siku nyingi, na baba yake mkubwa aliyemlea, Mzee Elia, hakufurahi sana kwamba kijana anachukua mke kambini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa saa. Alivaa saa mkononi na nyingine aliiweka mfukoni, na msemo wake ulikuwa mmoja tu: batu ba kambini habajue saa. Akasema arusi itafungwa Ruti saa sita mchana, na mchungaji ana mazishi mahali pengine baada ya hapo, kwa hiyo bibi arusi akichelewa, mchungaji anaondoka, na mambo yatatazamwa upya. "Yatatazamwa upya" ni maneno ya adabu. Kila mtu alielewa maana yake.

Jioni moja Riziki alinijia nikiwa nafunga turubai.

"Kaka, baba hayuko. Ni wewe utanishika mukono mpaka mu kanisa."

"Najua, dada."

"Ile siku ya kuleta mahari ulikuwa wapi?"

"Kisoro. Viazi."

"Viazi," akasema, akalivuta polepole ili neno liniingie vizuri. "Sasa hii mara, hata viazi vikuwe vya zahabu, usinikimbie. Nifikishe, kaka. Sitaki kingine. Nifikishe tu."

Nikaapa. Nikaapa kwa jina la baba. Kazi yangu siku ile ilikuwa hiyo peke yake, kumfikisha, na kama ningeifanya hiyo tu nikaacha mengine, leo ningekuwa sina cha kuwasimulia.

Lakini kulikuwa na habari ya muziki. Umeme wa Mbarara miaka ile ulikuwa unakatika kila mara, na upande wa Daudi walituomba tulete kwaya ya kanisa letu na vyombo vyetu: piano ya umeme, ampli, spika mbili kubwa kama makabati, na betri mbili za kuvilisha. Betri hizo zilikuwa zinachajiwa katika senta, pale madukani, kwa jenereta ya bwana mmoja, na juma lile lile jenereta ikafa. Kwaya wakaanza kulia. Janvier, mpiga piano, alitembea kambini na uso wa mtu aliyefiwa. Mimi nikasimama katikati yao nikasema, kwa sauti ya chini (mtu mwenye kiburi husema chini ili watu wamwegemee), "Nitazichaji njiani."

Nikazifunga betri za kanisa pamoja na yangu, zikawa tatu, nikavuta nyaya zile zile mpaka kabini. Sasa vidole havikutosha tena, ilihitajika swichi, nikapata moja kwa wauza vyuma Mbarara: swichi kubwa ya mkono, ya shaba, yenye mpini wa kuinua na kushusha. Ukishusha mpini vyuma vinagusana, ukiinua vinaachana. Nikaipigilia kwenye ubao karibu na goti la Afande, chini ya kiti cha abiria nikapitisha nyaya, nikarudi nyuma hatua moja, nikaitazama, ikanipendeza. Kisha nikafanya lile jambo dogo. Nilichukua brashi na rangi nyeupe, nikaandika maneno mawili.

Lazima niwaeleze masomo yangu. Kule Uvira, kabla ya vita kunitoa shuleni, tulikuwa na mwalimu wa fizikia aliyetuimbisha darasa zima kama kwaya: sirkwi ikifungwa, kura inapita, sirkwi ikifunguliwa, kura haipiti. Ni Kifaransa cha shuleni, kura ni umeme, na sirkwi ni njia yake, mzunguko: ukiufunga, ukakutana, umeme unatembea, ukiufungua, ukaacha pengo, umeme unasimama. Maneno hayo niliyatunza safarini kote kuliko viatu. Basi kule chini, vyuma vinapogusana, nikaandika FUNGA. Kule juu, vinapoachana, nikaandika FUNGUA. Kwa herufi kubwa. Nikaona mwalimu wangu popote alipo amefurahi.

Asubuhi ya arusi nikamwita Afande.

"Afande, mimi nitakuwa nyuma na kwaya, swichi ni yako. Kazi ni ndogo. Tukitembea, moto ipite. Tukisimama, moto isipite. Basi."

"Moto?" akanitazama. "Moto gani tena, Injinia? Hii gari iko na dizeli."

"Moto ya batri, Afande. Stima." (Sisi umeme tunauita moto, hatuoni shida.)

"Ah, sema stima. Tukitembea ipite, tukisimama isipite. Hiyo hata mutoto anajua."

"Na nimeandika. Unasoma tu."

"Nasoma. Mimi si mujinga."

Hakuwa mjinga. Hilo nataka liandikwe.

Tukaondoka. Kabini: Afande, mama yangu, na Riziki katikati yao ndani ya gauni jeupe lililojaa kabini yote, na kichwa amekiinamisha. Kwetu bibi arusi hacheki. Siku hiyo anaacha nyumba ya mama yake, akionyesha meno watu watasema alikuwa na hamu ya kuondoka, kwa hiyo tangu alfajiri wamama walikuwa wamemfundisha uso wa huzuni, na Riziki, ambaye hucheka hata akiota, alikuwa ameukaza uso huo kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa. Nyuma: mimi, kwaya, piano imefungwa kwenye mbao kwa mipira ya baisikeli, spika zinatazama dunia.

Tulitoka Nakivale tukiimba, na watoto wakatukimbilia, na vumbi likaruka, na ziwa lile upande mmoja, na nikasikia raha niliyokuwa sijaisikia miaka mingi, raha ya mtu anayekwenda mahali na watu wake wote wako pamoja naye. Tulipofika vilimani muziki ukaanza kupungua. Sauti za piano zikalegea.

"Byamungu," Janvier akaniambia, "piano inalia kama mbuzi mwenye mafua."

"Batri zinakula," nikamjibu. "Zinachajiwa. Wewe ukiwa na ugali mu kinywa unaweza kuimba?"

Kwaya wakatikisa vichwa kwa heshima. Tukasimama Isingiro kumchukua shangazi yetu, dada ya baba, ambaye alikuwa amepata jerikani ya maziwa kwa watu wenye ng'ombe, zawadi yetu kwa nyumba ya Daudi, nayo ikawekwa kabini miguuni pa mama. Afande akazima injini, na hapo hapo muziki ukalipuka. Spika zilinguruma mpaka wenye maduka wakatoka milangoni, mwuza nyanya mmoja akacheza na kikapu kichwani, na mimi nikainua kidole.

"Munaona? Zimeshiba. Sasa zinaimba."

Ndugu zangu, betri inayolegea wakati wa kuchajiwa na kupata nguvu wakati wa kusimama ni kitu ambacho hakijawahi kuwako duniani. Kilikuwa mbele ya macho yangu, kinapiga kelele kwa spika mbili, na mimi nikakitafutia maelezo. Hata lori lilipowashwa tena likalalamika kwanza, ng'ooo, ng'ooo, kama mzee anayeamshwa kabla ya kushiba usingizi, na Afande akanitazama kwenye kioo, mimi nikamwonyesha dole gumba.

Barabara ile mpaka mjini, muziki ukawa mafua tena. Tukafika Nyamitanga na muda bado ulikuwapo, si mwingi lakini ulikuwapo. Wamama wa kwaya wakagonga bati la lori: bibi arusi amejaa vumbi, hawezi kuingia Ruti na rangi ya barabara. Kulikuwa na nyumba ya Mkristo mwenzetu pale kando ya njia, tukasimama, maji yakaletwa, vitambaa vikatoka, Afande akazima injini, na muziki ukalipuka kuliko Isingiro. Watu wakaja. Vijana wa bodaboda wakaegesha pikipiki wakatuzunguka, mama wa gonja akasogea, na mimi nilipoona umati nikashikwa na lile pepo. Nikachukua mikrofoni. Hakuna aliyenipa.

"Wapendwa wa Mbarara," nikasema, na sauti yangu ikagonga kilima ikarudi, ikanipendeza, "hii muziki munayosikia haichajiwe na jenereta! Inachajiwa na lori, mu njia, wakati tunatembea! Na fundi yake ni mimi hapa, Byamungu, kaka ya bibi a..."

Hapo sauti ikaisha. Haikukatika, iliisha, kama maji ya mwisho kwenye mtungi, na neno "arusi" nililimalizia kwa mdomo mtupu, na katika ule ukimya watu wote wakasikia Afande, ambaye alikuwa ameona muda unakwenda, akizungusha ufunguo.

Tk.

Akazungusha tena. Tk.

"Injinia," akaita kwa upole sana. "Kuja."

Nikashuka. Nikachungulia kabini. Mpini wa swichi ulikuwa chini, kwenye neno FUNGA, vyuma vimegusana vizuri, na betri zangu tatu zilizochoka, pamoja na ampli, zilikuwa zimeinyonya betri ya lori mpaka kwenye mfupa.

"Afande! Kwa nini umefunga?"

"Si tumesimama?"

"Ndiyo, tumesimama!"

"Si ulisema tukisimama isipite? Nimefunga. Isipite."

"Na wakati tulikuwa tunatembea?"

"Nilifungua. Ipite."

Nikapiga hesabu. Njia nzima, tangu Nakivale, kila tulipotembea betri hazikupata hata tone, na kila tuliposimama zilikunywa za lori.

"Afande, ukifunga ndipo inapita! Ukifungua haipiti! Sirkwi ikifungwa kura inapita!"

Afande akashuka polepole. Akaweka mkono kwenye tumbo lake. Umati ukasogea, maana hata wasiojua Kiswahili walijua sasa kuna kesi.

"Wewe, Injinia. Ukifunga duka, customa anapita?"

"Hapana, lakini..."

"Ukifunga bomba, maji inapita?"

"Afande, hii si bomba..."

"Ukifunga mulango, mwizi anapita?" Akawageukia watu. "Banange, nyinyi muniambie. Mutu akifunga, kitu inapita?"

"Haipiti!" wakaitika, kilima kizima, kama ibada.

"Hata mbuzi anajua," akaongeza mama wa gonja.

Nikageukia wangu nitafute msaada. Janvier alikuwa anatazama viatu vyake. Mama yangu alikuwa amefungua mlango wa kabini, akanitazama muda mrefu, kwa mapenzi, kama unavyomtazama mtoto aliyevaa suruali nyuma mbele.

"Byamungu, mwanangu. Ile masomo ya Uvira, tuliuza mbuzi ngapi?"

Na hapo ndipo tuliposikia sauti kutoka ndani ya lile gauni. Mwanzo nilifikiri analia, nikasema nimemharibia dada yangu siku yake. Kisha kichwa kikainuka, na Riziki alikuwa anacheka. Alicheka meno yote nje, ya juu na ya chini, mpaka shela likaanguka, na shangazi akamfunika mdomo kwa kitenge, "Nyamaza, batu bataona meno!" na yeye akicheka ndani ya kitenge, akanyoosha kidole kwangu, akisema, "Kaka... sirkwi..." na hawezi kumaliza.

Lakini alipomaliza alifuta macho, akaniambia taratibu, nisikie peke yangu, "Kaka. Pasta ataenda. Nifikishe."

Basi tukasukuma. Bahati ya Nyamitanga ni mteremko. Kwaya na suti zao, Janvier, mimi, na vijana wa bodaboda ambao walitusukumia na kututukana kwa pamoja ("Mugole naye ashuke asukume!" wakapiga kelele, mugole ndiyo bibi arusi), lori likaanza kuteremka, Afande akaachia klachi, likakohoa, likawaka. Tukashangilia. Wenzangu wakarukia nyuma, mimi nikarukia ngazi ya mlango wa abiria, nimesimama nje nimeshika dirisha, na kama ningekaa hapo tu kama mzigo mwingine, mambo yangeishia hapo.

Lakini msomi alikuwa ameumia. Nikajiambia, sasa injini inawaka, tunatembea, ni wakati wa kuonyesha. Nikaingiza mkono dirishani juu ya magoti ya mama na ya Riziki, nikaunyoosha mpaka kwenye swichi, nikashusha mpini niliokuwa nimemwamuru Afande auinue kabla hatujasukuma.

"Hivi!" nikasema. "Hivi ndivyo inapita!"

Ikapita. Betri tatu zenye kiu ya njia nzima zilivuta kwa pamoja, kupitia nyaya zile zile nyembamba nilizozitoa kwenye balbu yangu moja, na kabla hatujafika mbali moshi ukaanza kutoka chini ya kiti, karibu kabisa na pindo la gauni.

"Moto!" Afande akapiga kelele, akakanyaga breki, akazima injini kwa hofu. "Uliomba moto ipite! Imepita!"

Mama yangu ni mtu ambaye tone la maziwa likianguka chini kwake ni msiba mdogo. Alimsukuma Riziki nje kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine akachukua jerikani ya shangazi miguuni pake, akafungua, akamwaga. Maziwa yote. Moshi ukafa, ukatoka mvuke wa maziwa yaliyoungua, na shangazi, aliyekuwa nyuma na kwaya, akainama juu ya ubao wa lori akaona maziwa meupe yanadondoka barabarani, akasema maneno kwa lugha ya nyumbani ambayo sitayatafsiri.

Nyaya nilizikata mwenyewe. Injini haikuwaka tena. Pale palikuwa tambarare, mteremko ulikuwa umeisha, na kanisa la Ruti lilikuwa mbele yetu, tunaliona kabisa bati lake, na mlangoni tunaona pikipiki ya mchungaji.

"Bodaboda," nikasema. "Riziki, panda bodaboda, wewe uende."

"Peke yangu?" akasema. "Baba angenituma peke yangu na bodaboda?"

Akavua viatu, akampa mama. Akashika gauni mkono mmoja, akaja nyuma ya lori, akaweka mkono wake juu ya bati la masizi, karibu na wangu. Hakuna aliyemkataza. Shangazi naye akashuka. Afande akakamata usukani kupitia mlango uliofunguliwa, anasukuma na bega. Na kwa kuwa piano ilikuwa imekufa, mtu mmoja nyuma kule akaanzisha wimbo kwa sauti yake tu, kwaya wakaitika, lori likaanza kusogea kwa kipimo cha wimbo, na mama wa gonja, ambaye alikuwa ametufuata huko kote kwa bodaboda ya kijana mmoja, alishuka akasukuma pia, huku akinieleza kwa Kinyankore mambo ambayo nadhani yalihusu mbuzi.

Mzee Elia alikuwa amesimama kwenye lango, saa ya mfukoni mkononi. Mchungaji alikuwa tayari juu ya pikipiki, amevaa helmeti, na mguu umeshaondoa stendi. Daudi alikuwa kando ya ukuta na suti aliyoishona mwenyewe, na uso wa mtu ambaye amekuwa akijiambia tangu asubuhi kwamba mwanamke huyu hatakuja, na kwamba kila walipokutana mbele ya wazee alikaza uso kwa sababu hamtaki, si kwa adabu.

"Nilisema," Mzee Elia akaanza. "Nilisema batu ba kambini habajue saa."

"Saa tunajua, mukwe," shangazi akamjibu, anahema, na masizi shavuni. "Ni swichi ndiyo hatujue."

Akamwambia habari yote pale pale langoni, kwa sauti, akiigiza Afande na mimi zamu kwa zamu, duka, bomba, mwizi, mpaka Riziki, miguu mitupu, mkono mweusi, akashikwa tena. Akacheka mbele ya wakwe. Meno yote.

Daudi akamwangalia. Akaja mbele, akasema polepole, "Baba mukubwa, saa iko kwako. Lakini miye nimeona meno yake. Inanitosha."

Mzee Elia akatazama saa ya mfukoni. Akatazama ya mkononi. Akazirudisha zote mbili mahali pake, akamgeukia mchungaji, na mchungaji akashusha stendi ya pikipiki.

Nikamshika Riziki mkono nikamwingiza. Alama za vidole vyake vya masizi zilibaki kwenye shati langu, nililitunza shati hilo mpaka likachakaa. Mchungaji aliweka helmeti juu ya mimbari, umeme ulikuwa umekatika kama ilivyotabiriwa, na akasema kwa sauti yake tu:

"Miaka yote nafunga ndoa, na nilifikiri kufunga ni kama kufunga mulango, mutu asitoke. Leo kaka wa bibi arusi ametufundisha mu barabara. Kumbe ukifunga ndiyo inapita. Basi Daudi na Riziki, tunawafunga, ili mapendo ipite." Akanitazama juu ya miwani. "Lakini waya ikuwe munene."

Nilicheka na wenzangu, nifanyeje. Afande alicheka mpaka akatoka nje.

Nimeapa tangu siku ile, na kiapo hiki sijakivunja: sigusi waya wa lori la mtu anayekwenda arusini, na swichi yoyote ninayoipigilia naiandika INAPITA na HAIPITI, basi, kila mtu aelewe, mwalimu wa Uvira anisamehe. Lori lenyewe liliuzwa vipande vipande, Afande alirudi kwa ng'ombe zake, lakini ile swichi niliifungua ubaoni, inazunguka nami ndani ya mfuko, na rangi ya maneno imebaki kidogo tu. Nimeshapita arobaini. Katika maisha yangu kitu pekee ninachojua kukifunga ni safari.

Riziki na Daudi walipelekwa mbali na shirika la wakimbizi, nchi ya baridi, wana watoto wanaoongea lugha nisiyoijua. Ananipigia simu Jumapili, popote nilipo, na swali lake la kwanza halijawahi kubadilika.

"Kaka, umefunga?"

Anauliza ndoa, anauliza mizigo, anauliza yote kwa neno moja.

"Bado, dada," namwambia. "Nimefungua."

Anacheka. Na mimi huku, kando ya barabara fulani, simu imebanwa sikioni, nasikia meno yake yote.